Kuandika vizuri ni kazi ya polepole: mwongozo kamili wa kuifanya bila kukwama

Mtu wa kawaida anayetumia kompyuta huchapa maneno kama 40 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, makala ya maneno 2,000 ingekwisha kwa dakika 50. Lakini muulize yeyote anayeandika kwa uangalifu, atakwambia makala ya urefu huo ilimla siku mbili, tatu, pengine wiki. Vidole havina kosa. Muda huliwa na maamuzi: niseme nini, nianze na lipi, msomaji anajua nini tayari, mfano huu unathibitisha hoja au unaipamba tu, neno hili linasema ninachotaka au linakikaribia.

Methali ya haraka na baraka hutajwa sana hapa, lakini haimsaidii aliyekaa mbele ya ukurasa mtupu tangu asubuhi. Huyo hana haraka, amekwama. Na kukwama si sawa na kwenda polepole. Anayekwenda polepole huamua jambo moja, huliacha nyuma, kisha huamua jingine. Aliyekwama anajaribu kuamua yote kwa mkupuo.

Mwaka 1981 watafiti Linda Flower na John Hayes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha maelezo ya kile kinachotokea kichwani mwa mtu anayeandika. Njia yao ilikuwa kuwaomba waandishi wafikiri kwa sauti huku wakiandika, kisha kuyachambua yale waliyoyasema. Walionyesha kwamba kupanga, kugeuza wazo kuwa sentensi na kupitia kilichoandikwa havifuatani kwa zamu. Huingiliana kila mara: katikati ya sentensi mwandishi anarudi kupanga, katikati ya kupanga anagundua kosa la aya iliyopita. Ukikumbuka kwamba akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, manne au zaidi kidogo, utaona kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kutumia saa nzima kwenye sentensi ya kwanza.

Maamuzi hayo huwezi kuyakwepa. Unachoweza ni kuyatenganisha, ili kila unapokaa mezani uwe na aina moja tu ya kazi mbele yako. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa lengo hilo. Hazitakufanya uandike haraka. Zitafanya muda unaoutumia uonekane kwenye ukurasa.

Hatua ya 1: Gawa muda kabla ya kuanza

Tuseme una saa kumi za kuandika makala ya maneno 2,000. Mgawanyo ninaoupendekeza ni saa tatu za kukusanya na kupanga, mbili za rasimu ya kwanza, na tano za kusahihisha. Wengi hufanya kinyume: saa tisa zinaishia kwenye rasimu, na ile moja iliyobaki inatosha kurekebisha nukta na mikato tu. Kisha wanashangaa kwa nini kazi haina nguvu.

Kama kuna tarehe ya mwisho, weka tarehe yako ya kumaliza rasimu katikati ya muda ulio nao, wala si siku moja kabla. Na kama una saa mbili tu, punguza mawanda ya mada, usipunguze usahihishaji. Hoja moja iliyoelezwa sawasawa ni bora kuliko hoja tano zilizoguswa juu juu. Ila usidhani ufupi wenyewe ni wa bure. Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Ufaransa, aliwaomba radhi wasomaji wake mwaka 1656 kwamba barua yake imerefuka kwa sababu hakupata nafasi ya kuifupisha.

Hatua ya 2: Andika dai lako katika sentensi moja

Mada si dai. “Mikutano mirefu kazini” ni mada. Unaweza kuizungumzia mpaka jioni bila kusema kitu. “Mikutano hurefuka kwa sababu haina ajenda” ni dai: mtu anaweza kulikubali, kulipinga au kukutaka ushahidi. Nitatumia mfano huu wa mikutano kote, kwa kuwa karibu kila mtu aliyewahi kufanya kazi na wenzake anaujua.

Kipimo cha dai ni rahisi. Fikiria mtu mwenye akili ambaye angekukatalia. Kama hayupo, huenda ulichoandika ni jambo ambalo kila mtu analijua, na msomaji atalihisi hilo ndani ya aya mbili.

Chini ya dai, taja msomaji mmoja. Usiandike “jamii” wala “vijana”. Mtaje mtu unayemfahamu ambaye ungependa asome kazi hii, kisha uandike anajua nini tayari na ana shaka gani. Karatasi hiyo ibaki mezani hadi mwisho. Maamuzi mengi yatakayokusumbua baadaye, kama vile nieleze neno hili au nisilieleze, niweke historia au niiruke, hujibiwa kwa kumtazama huyo mmoja.

Hatua ya 3: Kusanya zaidi ya unachohitaji

Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita kukosa msukumo ni kukosa malighafi. Mwandishi ana wazo lakini hana mambo ya kulijaza: hana tukio, hana takwimu aliyoihakikisha, hana maneno ya mtu aliyekuwepo, hajui kitu kinavyofanya kazi hatua kwa hatua. Akifika mahali pa kuthibitisha, mkono unasita. Akijilazimisha kuendelea, vivumishi vinashika nafasi ya ukweli, na ukurasa unajaa “mbalimbali”, “muhimu sana” na “kwa kiasi kikubwa”. Ukiona maneno hayo yameongezeka, usikimbilie kuyafuta. Yanakuonyesha mahali ambapo hukutafiti.

Andika kila jambo ulilopata kwenye mstari wake, na pembeni yake ulikolipata. Pembeni hapo ndipo wengi wanapofanya uvivu, halafu wanapoteza nusu siku wakitafuta upya mwaka fulani waliousoma mahali wasipopakumbuka. Acha kukusanya pale vyanzo vipya vitakapoanza kukurudishia yaleyale. Kuendelea zaidi ya hapo ni kuahirisha kuandika kwa kisingizio cha heshima.

Hatua ya 4: Panga kwa maswali ya msomaji

Muhtasari wa vichwa vya habari, yaani “Utangulizi, Sababu, Athari, Suluhisho”, haupangi chochote. Unaweza kuubandika kwenye mada yoyote duniani. Badala yake andika maswali ambayo yule msomaji wako mmoja angeuliza, kwa mpangilio ambao angeyauliza. Kwa makala ya mikutano yanaweza kuwa hivi:

Je, mikutano hurefuka kweli, au huwa tunaiona mirefu kwa kuwa inachosha?
Kwa nini hurefuka?
Mbona hata ile yenye ajenda hurefuka?
Mkutano wangu ujao niufanyie nini?

Sasa tazama swali la tatu. Dai letu lilikuwa kwamba mikutano hurefuka kwa kukosa ajenda. Msomaji anakumbuka mikutano aliyopewa ajenda iliyochapwa vizuri na bado akatoka pale akiwa amechoka. Dai limepasuka, na limepasuka kabla hatujaandika aya hata moja.

Huu ndio moyo wa jambo lenyewe. Kuandika vizuri kunachelewa kwa sababu wazo ulilokuja nalo mara nyingi si sahihi, au ni nusu tu, na hujui hivyo mpaka uliweke mahali linapoweza kuulizwa swali. Ukilitambua kosa kwenye orodha ya maswali, marekebisho yanakugharimu nusu saa. Ukilitambua baada ya rasimu nzima, unaandika upya. Ukilitambua baada ya kuchapisha, basi msomaji ndiye aliyekutambulia.

Kwa hiyo rudi hatua ya 2. Ajenda huorodhesha mambo ya kuzungumzia, lakini mara chache husema ni uamuzi gani unatakiwa kupatikana. Dai jipya: “Mkutano hurefuka pale ambapo hakuna anayejua ni uamuzi gani utaumaliza.” Hili ni jembamba kuliko la kwanza, na ni gumu zaidi kulipinga. Tumesogea, ingawa hakuna neno hata moja la makala lililoandikwa.

Hatua ya 5: Rasimu ya kwanza, bila kugeuka nyuma

Katika hatua hii kazi ni moja tu: kujibu yale maswali kwa sentensi kamili. Si kazi ya kupendeza, wala ya kuchagua maneno. Usisome ulichoandika jana zaidi ya aya ya mwisho. Zima mistari myekundu ya programu inayosahihisha tahajia. Ukikosa mwaka au jina, weka mabano ya mraba, [TAFUTA MWAKA] au [MFANO HAPA], uendelee. Mtu akiacha sentensi kwenda kutafuta mwaka mtandaoni, huwa harudi na mwaka peke yake.

Usianze na mwanzo. Aya ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kwa kuwa inatakiwa kuahidi kitu ambacho bado hujakiandika. Anza na swali unalolijibu vizuri zaidi. Mwanzo utauandika mwisho, ukishajua unaahidi nini.

Kama mkono haukubali kabisa, sema. Mtu akizungumza kwa kasi ya kawaida hufikia maneno kama 150 kwa dakika, na simu karibu zote hurekodi sauti. Mweleze yule msomaji wako jambo lote kwa mdomo, kisha uandike kutoka kwenye rekodi. Ujue tu kwamba rasimu ya mdomo huja na marudio mengi na njia za kando, hivyo muda uliouokoa hapa utaulipa kwenye usahihishaji.

Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazokupa rasimu nzima kwa sekunde chache. Zinaokoa muda wa kuchapa, ambao tumeshaona haukuwa tatizo. Rasimu hiyo imeshafanya maamuzi yote kwa niaba yako, na ili ujue kama ni mazuri itabidi uyapitie moja moja mwenyewe. Anayefanya hivyo kwa uaminifu hapungukiwi sana na kazi.

Rasimu ikiisha itakuwa mbaya. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hatua ya 6: Iache

Mshairi wa Kirumi Horatius aliwashauri waandishi waiweke kazi kando mpaka mwaka wa tisa. Wewe jipe siku moja, mbili zikiwezekana. Ukisoma kazi yako mara tu baada ya kuiandika, macho hupita juu ya maneno huku akili ikisoma ulichokusudia. Umbali ndio unaotenganisha hivyo viwili. Kama huna hata siku, badilisha sura ya kazi: ichapishe kwenye karatasi, ikuze herufi, au isome kwenye simu badala ya kompyuta.

Hatua ya 7: Sahihisha hoja kabla ya kugusa sentensi

Hapa ndipo saa tano zinapoanza kutumika, na hapa ndipo wengi hupotea. Wanaanza kung’arisha sentensi za aya ambayo ilipaswa kufutwa. Na ukishaing’arisha sentensi, huna tena moyo wa kuifuta.

Chukua karatasi safi. Kwa kila aya ya rasimu andika mstari mmoja unaosema aya hiyo inadai nini. Usiandike “aya hii inahusu ajenda”. Andika “ajenda hutaja mada lakini haitaji uamuzi”. Ukimaliza, weka rasimu pembeni usome mistari hiyo peke yake, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Utaona mambo ambayo rasimu iliyaficha. Mistari miwili inasema kitu kilekile kwa maneno tofauti: unganisha aya hizo. Mstari mmoja haukuandikika, ulijaribu ukashindwa: aya hiyo haina dai, imejaa sauti tu. Mstari wa saba unahitaji jambo lililo kwenye wa tisa: hamisha. Na karibu kila mara, mistari miwili au mitatu ya mwanzo haina kazi, kwa kuwa ulipokuwa ukiiandika ulikuwa ukipasha misuli moto. Tazama aya hii, ya namna inayozaliwa katika rasimu nyingi:

“Mikutano ni sehemu muhimu sana katika maisha ya kazi. Watu wengi hukutana mara kwa mara kujadili masuala mbalimbali. Hata hivyo, mikutano mingi huchukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo huleta changamoto. Moja ya sababu ni ukosefu wa mpangilio mzuri.”

Hakuna kosa la sarufi hata moja. Hakuna pia sentensi ambayo msomaji hakuijua kabla ya kufika. Jaribu kuandika mstari wake na utapata “mikutano hurefuka”, yaani kile ambacho kichwa cha makala kimeshasema. Kuibadilisha maneno hakutaisaidia. Tunaifuta na kuanzia pale dai linapoanzia:

“Mkutano hurefuka pale ambapo hakuna anayejua ni uamuzi gani utaumaliza. Ajenda huorodhesha mada. Mara chache husema watu wakubaliane nini kabla ya kuondoka. Kwa hiyo kila mmoja huongeza neno lake, kwa kuwa hakuna neno lililopangwa kuwa la mwisho.”

Aya ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, na ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ilibidi kwanza tugundue kwamba tatizo si mpangilio. Msomaji hataona kazi hiyo, naye hakuiomba.

Baada ya kupanga upya, pitia viungo kati ya aya. Kama unahitaji “hata hivyo”, “aidha” au “vilevile” kuanzisha kila aya, huenda aya hazifuatani kwa hoja, umezifunga kwa maneno tu. Aya inayojibu swali lililoachwa na iliyotangulia haihitaji kufungwa.

Hatua ya 8: Sasa sentensi

Pitia kazi mara kadhaa, kila mara ukitafuta jambo moja tu. Ukitafuta yote pamoja umerudi kulekule kwenye kukwama. Mimi hufuata mpangilio huu.

Kwanza, mtendaji. Tafuta sentensi zinazoanza na “iliamuliwa”, “ilibainika”, “imekuwa ikielezwa”. Nani aliamua? Nani anaeleza? Kiswahili kinakubali kauli ya kutendwa bila shida, na kuna mahali inafaa, hasa pale aliyetenda asipohusika. Lakini mara nyingi mwandishi huitumia kwa kuwa hamjui mtendaji, na anatumaini msomaji hatauliza. Ukiibadilisha sentensi hiyo utajikuta unarudi kutafiti. Rudi.

Pili, vitenzi vilivyofukiwa ndani ya majina. “Kufanya uchunguzi wa” ni kuchunguza. “Kutoa msaada kwa” ni kusaidia. “Kufikia uamuzi wa” ni kuamua. Lugha yetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. Ni hasara kukiacha kitenzi hicho na kuburuta majina matatu na viunganishi viwili.

Tatu, “ambaye”, “ambao”, “ambayo” na ndugu zake. Si makosa, na sentensi ndefu wakati mwingine huyahitaji ili isichanganye. Ila “mtu ambaye anasoma” anaweza kuwa “anayesoma”, na “barua ambayo iliandikwa jana” ni “barua iliyoandikwa jana”. Ukurasa wenye “amba-” kumi na mbili unasomeka kama taarifa ya ofisi.

Nne, maneno yanayokaa kwenye sentensi bila kazi. Tuchukue sentensi hii:

“Katika suala zima la uandishi, ni muhimu kutambua kwamba kuna changamoto mbalimbali ambazo waandishi wengi wamekuwa wakikabiliana nazo katika mchakato wa kufanya marekebisho ya kazi zao.”

Ina maneno 26. Ondoa “katika suala zima la uandishi”, kwa kuwa msomaji anajua tunazungumzia nini. Ondoa “ni muhimu kutambua kwamba”. Kama si muhimu, kwa nini umeliandika? “Changamoto mbalimbali” haitaji changamoto hata moja. “Mchakato wa kufanya marekebisho” ni kusahihisha. Kinachobaki: “Waandishi wengi hukwama wanaposahihisha kazi zao.” Maneno sita. Na sasa, kwa kuwa ukungu umeondoka, tunaona kwamba sentensi haitoshi: wanakwama wapi? Kwa nini? Kufupisha kumefichua swali, na jibu lake ndilo linalostahili yale maneno 20 tuliyoyaokoa.

Kuna wanaofundisha kwamba sentensi fupi daima ni bora. Sikubaliani nao. Sentensi ndefu inayokwenda mbele, kila kipande kikiongeza jambo na msomaji akijua wakati wote yuko wapi, ina raha yake, na Kiswahili kimezizoea sentensi za namna hiyo. Baya ni sentensi ndefu inayozunguka palepale.

Tano, upatanisho. Sentensi zikirefuka na kusahihishwa mara nyingi, jina hubadilika na viambishi vyake husahaulika: ulianza na “ripoti”, ukabadilisha kuwa “maelezo”, lakini mbele bado kuna “zilizotolewa”. Makosa haya hayatokani na kutojua sarufi, yanatokana na kusahihisha, kwa hiyo yaangalie mwishoni na si mapema.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti

Gustave Flaubert, mwandishi wa Ufaransa, alianza kuandika riwaya yake *Madame Bovary* Septemba 1851 na kuimaliza mwaka 1856. Barua zake za miaka hiyo zimejaa malalamiko ya wiki nzima kuishia na kurasa chache tu. Alikuwa na mazoea ya kuzisoma sentensi zake kwa sauti kubwa, kwa kupaza kabisa, akisikiliza mahali zinapochechemea. Huna haja ya kupiga kelele, lakini tumia mdomo, si macho. Unapokosa pumzi, sentensi ni ndefu bila mapumziko. Ulimi ukijikwaa, silabi zimegongana. Ukijikuta unasoma harakaharaka ili upite, mahali hapo wewe mwenyewe hupaamini. Weka alama pembeni na uendelee. Usisimame kurekebisha mpaka umalize, vinginevyo hutasikia mwendo wa kazi nzima.

Hatua ya 10: Mpe mtu mwingine

Usimwulize “unaionaje?”, atakujibu “nzuri”. Muulize alichoka wapi. Mwombe akueleze kwa maneno yake ulichokuwa unadai. Akieleza kitu kingine, usimsahihishe, sahihisha kazi. Akikwambia pana tatizo, mara nyingi ana haki. Akikwambia namna ya kulitatua, mara nyingi ni wewe unayejua zaidi.

Ratiba: jinsi ya kwenda polepole kila siku

Kwa upande wa pili wa Flaubert yuko Anthony Trollope, Mwingereza aliyeandika riwaya 47, karibu nusu ya hizo akiwa bado mtumishi wa posta. Alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ya mfukoni mbele yake, na kujitaka maneno 250 kila robo saa. Wanaomtaja kama mfano wa kasi huruka mambo mawili aliyoyaeleza mwenyewe: nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika siku iliyotangulia, na alitembea na wahusika wake kichwani muda mrefu kabla ya kukaa mezani. Maamuzi aliyafanyia kwingine. Mezani alikuja kuandika.

Chukua hilo kwake, hata kama hutafikia idadi yake ya maneno. Panga leo utakachoandika kesho, na ukiinuka mezani inuka mahali unapojua kinachofuata, si pale ulipoishiwa. Acha mstari mmoja wa maelekezo: “kesho: eleza kwa nini ajenda haitoshi”. Kikao kinachoanza na mstari kama huo hakihitaji ujasiri.

Usijipime kwa idadi ya maneno siku ya kusahihisha. Siku uliyofuta maneno 400 na kubaki na hoja iliyonyooka ni siku ya kazi. Pima kwa muda uliokaa na kwa aina ya kazi uliyoifanya.

Ukikwama hata hivyo

Angalia umekwamia wapi, kwa maana kila mahali pana dawa yake. Kama huwezi kuanza, tatizo liko kwenye dai. Rudi hatua ya 2. Kama ulianza vizuri ukaishia katikati, malighafi imekwisha. Rudi hatua ya 3. Kama unaandika sentensi moja na kuifuta tena na tena, wazo lake halijatulia, na hakuna mpangilio wa maneno utakaolitibu. Andika “Ninachotaka kusema hapa ni kwamba” kisha uendelee kama unavyozungumza na rafiki. Ukimaliza, futa hayo maneno matano ya mwanzo. Kilichobaki mara nyingi ndicho ulichokuwa unakitafuta. Na kama kila kitu kiko sawa ila huna nguvu, umechoka tu. Kalale.

Lini uiachie

Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alisema katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake *A Farewell to Arms* aliuandika upya mara 39. Watu hunukuu idadi hiyo kuhalalisha kutomaliza. Lakini alizungumzia ukurasa mmoja, tena ule unaobeba uzito wa kitabu kizima. Kurasa zote hazistahili jasho sawa. Mwanzo, mwisho na mahali dai linaposimamia hustahili zaidi. Maelezo ya kupita yakieleweka yanatosha.

Dalili kwamba umefika ni hii: unabadilisha neno, kesho yake unalirudisha lilivyokuwa. Marekebisho hayaongezi tena kitu, yanazungusha tu. Hapo fanya ukaguzi wa mwisho, ambao hauhitaji akili kubwa bali subira. Hakikisha kila mabano ya mraba yameondoka. Linganisha kila jina, mwaka na takwimu na ulikovipata, moja baada ya jingine, si kwa kukumbuka. Soma kichwa cha habari ukijiuliza kama makala inatimiza kinachoahidiwa. Kisha itume siku hiyohiyo, kabla hujaifungua tena.